Amplifaya ya hedifoni ya kuunga mwenyewe: bila hedifoni volti ziko sawa, nikichomeka tu zinakimbia

mpenzi_wa_dansi (Dar)

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana nimekaa na hii kitu siku ya tatu leo na mama watoto ameshaanza kuuliza kama meza ya kulia imegeuka karakana.

Ipo hivi, binamu yangu ana kistudio chake Sinza, ameniazima hedifoni zake za DT 990 Pro, zile za om 250, nisikilizie nyimbo za dansi za mzee wangu nilizozihamisha kutoka kwenye kanda. Kwenye simu nafungua voliumu mpaka mwisho bado zinanong'ona tu. Nikaambiwa hizo zinataka amplifaya yake, nikaangalia bei za dukani nikafunga simu, ndio nikaagiza kifurushi cha kuunga mwenyewe kutoka China, na usafiri jumla haikufika elfu ishirini, ila kimekaa njiani wiki tano. Ndani kuna kibodi cha kijani kama kiberiti, IC moja NE5532 (kale keusi ka miguu minane kanakokuza sauti) na soketi yake, resista za bluu, kapasita, taa nyekundu, voliumu, jeki mbili na klipu ya betri ya volti 9. Maelekezo hakuna, kuna kapicha kamoja tu ka Kichina.

Nimesolda vyote. Betri inasoma 8.7. Nikapima kutoka graundi ya jeki hadi hasi ya betri nikapata 4.26, hadi chanya 4.44, nikasema safi kabisa. Sasa za binamu nikaogopa kuziunguza, nikachomeka iyafoni za buku tano zile za kuuziwa kwenye foleni. Wakuu, sauti imetoka inakwaruza kama spika ya daladala iliyopasuka! Nikapima tena iyafoni zikiwa ndani, graundi hadi hasi 1.6, hadi chanya 7.1. Nikichomoa inarudi taratibu kwenye nne nne zake. Ndio nini hiki? IC mbovu? Nimebadilisha betri, hali ni ile ile.

FundiRedio_Mbagala

Mkuu pole. Kwanza usikimbilie kulaumu IC, hawa watu husingiziwa sana. Kwa kazi ya mara ya kwanza mimi huangalia vitu vitatu. Risasi imeshika vizuri au imekaa tu juu kama kamasi, ile inayong'aa na kupanda kwenye mguu wa kitu ndio imeshika, iliyovimba kama shanga na ina weupe weupe rudia. Pili IC imekaa sawa, kale kanukta kaelekee upande wa kishimo cha soketi. Tatu hizo resista za bluu zenye mistari mitano, aisee hizo ni ugonjwa, usiku chini ya taa ya njano kahawia na nyekundu na rangi ya chungwa zote zinafanana, watu wanaweka ya 1k mahali pa 10k kila siku. Chomoa IC, pima moja moja na mita, utuletee namba. Usisome rangi, pima.

mpenzi_wa_dansi

Asante fundi. Nimepitia yote. Risasi mbili nimezirudia kweli zilikuwa shanga 😅 ila hali haijabadilika. IC iko sawa. Resista nimezipima IC ikiwa nje: mbili za 4.7k zinazogawa betri, mbili za 100k baada ya kapasita za kuingilia sauti (hizo kapasita zimeandikwa 104, yaani maikrofaradi 0.1), mbili za 10k na mbili za 1k zinazorudi kwenye IC, na moja ya 1k ya taa. Kapasita kubwa ni mbili za maikrofaradi 220, volti 16. Zote zipo mahali picha inaposema.

Kaka_Luthuli (Nairobi)

Boss hiyo shida naijua, hapo ni graundi ya uongo. Hiyo 4.7k na 4.7k zinajaribu kutengeneza katikati ya betri lakini hazina nguvu, ukiweka mzigo inaanguka. Dawa ni simpo, tafuta betri mbili za 9, unganisha hasi ya moja na chanya ya nyingine, hapo katikati ndio graundi yako, zile 4.7k ng'oa utupe. Graundi ya betri haiendi mahali bana. Mimi yangu iko hivyo tangu mwaka jana na inapiga tu vizuri.

Bibi_Saketi

Mpenzi wa dansi, tafadhali usiweke betri mbili kabla hujapima kitu kimoja, na hedifoni za watu usizichomeke kwanza.

Kaka Luthuli hajakosea kwamba graundi ni dhaifu. Ila hebu tujiulize, kwa nini ianguke? Muziki ni mawimbi yanayopanda na kushuka, wastani wake ni sifuri, na zile kapasita mbili za 220 zipo hapo kubeba huo mtikisiko. Kinachoweza kuivuta graundi upande mmoja na kuikalisha huko ni mkondo unaokwenda upande mmoja tu bila kugeuka, yaani kuna DC inavuja kupitia hedifoni. Ukiweka betri mbili graundi itatulia ndio, lakini ile DC itaendelea kupita kwenye koili za hedifoni, tena safari hii bila kizuizi chochote. Utakuwa umenyamazisha king'ora ukaacha moto.

Chomoa iyafoni, usiingize muziki, voliumu izungushe hadi sifuri. Mita iweke kwenye DC, waya mweusi kwenye graundi ya jeki, mwekundu gusa mguu wa 1 wa IC, halafu wa 7, halafu wa 3 na wa 5. Lete namba na alama zake, kama kuna kutoa andika kutoa.

mpenzi_wa_dansi

Dada hapa:
mguu wa 1: kutoa 0.21 volti
mguu wa 7: kutoa 0.23
mguu wa 3: kutoa milivolti 19
mguu wa 5: kutoa milivolti 21

Nimepima mara mbili mbili. Hii ni mbaya?

Bibi_Saketi

Sio mbaya, ni nzuri, maana imejieleza yenyewe. Wala IC yako si mbovu, inafanya kile kile karatasi yake inachosema.

NE5532 ndani ina transista za kawaida kwenye milango ya kuingilia, na transista ya kawaida lazima inywe mkondo kidogo kwenye beisi yake ndio iamke. Kwa hii IC ni kama nano-ampea 200, kwa kawaida. Ni kiduchu kabisa, lakini huo mkondo unatoka wapi? Kapasita ya 104 haipitishi DC, kwa hiyo njia ni moja tu, ile resista ya 100k kutoka graundi. Nano-ampea 200 zikipita kwenye 100k zinaacha milivolti 20. Umepima 19 na 21. Sasa hiyo 10k na 1k maana yake IC inakuza mara 11, na kwa jinsi ilivyounganishwa inakuza kila kitu, muziki na uchafu. Milivolti 20 mara 11 ni 220. Umepima 210 na 230. Unaona?

Haya, 0.21 kwenye iyafoni ya om 32 ni kama miliampea 6 na nusu kwa sikio moja, masikio mawili 13 na ushee, zote zinavutwa kutoka graundi. Na graundi yako inalishwa na 4.7k ambayo hata ukiifunga moja kwa moja kwenye betri nzima haitoi miliampea 2. Lazima izame. Inazama mpaka IC inaishiwa nafasi ya kushuka, ndio pale ulipopima 1.6, na hapo nusu ya chini ya kila wimbi inakatwa. Huo ndio mkwaruzo wa daladala. Hata zile nne zako mbili bila hedifoni hazikuwa sawa, 4.26 na 4.44, ilikuwa tayari inavutwa kidogo kupitia 10k na 1k.

Na hii saketi yenyewe haina kosa. Ni ya Chu Moy, aliiweka mtandaoni mwishoni mwa miaka ya 1990 na watu wakawa wanaipanga ndani ya kopo la peremende. Ila michoro yake ilitumia IC za Burr-Brown za familia ya OPA134, ambazo milangoni zina FET, transista ya aina nyingine, na FET hainywi kitu cha maana, ni pico-ampea tano hivi. Kwa hizo 100k ni sawa kabisa. Wauza vifurushi wakachomoa ya bei, wakachomeka NE5532 kwa sababu ni rahisi na miguu inalingana, resista wakaziacha zilivyo. Miguu kulingana haimaanishi kila kitu kinalingana.

Kaka_Luthuli

Wueh. Dada hiyo imeingia. Nimetoka hapa nikaenda kupima yangu ya betri mbili, kutoa 0.19 na kutoa 0.22 😂 mwaka mzima nimekuwa nikipikia hedifoni zangu kwa DC na nilikuwa nadhani ile “tok!” kubwa ya kuwasha ni kawaida. Nafuta ushauri wangu hapo juu, asante kwa kunikanyaga polepole.

Mpenzi, kama unataka kuhakikisha kabla hujanunua kitu, tafuta TL072. Hiyo iko kwa kila mikisa mbovu na kila ikwalaiza ya zamani, ina FET na miguu ni ile ile. Chomeka kwa soketi upime. Isikuvutie lakini, kwa mzigo wa om 32 haina misuli, ni ya kupima tu.

FundiRedio_Mbagala

Mimi nimenyamaza nasoma hapa kama mwanafunzi. Naongezea la OPA2134, yaani OPA134 mbili ndani ya IC moja, mkuu usije ukaagiza zile za bei ya maandazi ukadhani umepata, feki zimejaa, wanafuta maandishi ya IC nyingine wanaandika upya. Nimewahi kununua tano, nne kati yake zilikuwa zinakunywa mkondo tofauti tofauti kama sio ndugu.

Bibi_Saketi

Kweli fundi. Ndio maana mimi ningemwambia abaki na NE5532 yake, ni IC nzuri sana kwa sauti na ina nguvu ya kusukuma, tuitengenezee mazingira yake tu.

Badilisha hivi. Zile 100k mbili weka 10k, milivolti 20 zinakuwa 2. Lakini ukiishia hapo besi itapotea, maana kapasita ya 104 na 10k zinaanza kukata kwenye hezi 159, gitaa la besi lote kwaheri. Kwa hiyo 104 nazo zitoke, weka za maikrofaradi 1, zile za plastiki za kiboksi, inarudi kwenye hezi 16 kama mwanzo. Halafu zile 1k mbili zinazotoka miguu ya 2 na 6 kwenda graundi weka 4.7k. Hapo badala ya kukuza mara 11 inakuza mara 3 na kidogo.

Najua utasema si nataka sauti kubwa. Simu ikitoa nusu volti ukakuza mara 11 ni volti 5 na nusu, na betri yako nusu yake ni nne na kitu, utazipata wapi? Ungekuwa unaishi na voliumu imefunguliwa robo tu, na kwenye hiyo robo ndio hizi voliumu za bei rahisi sikio la kushoto linatangulia la kulia. Mara tatu inakupa volti 1.5, kwa om 250 inatosha, na bado kuna nafasi. Jambo moja tu, angalia voliumu yako imeandikwa ngapi. Kama ni 50k, ikikutana na 10k itakuwa inapanda polepole halafu mwishoni inakimbia, ukipata ya 10k yenye herufi A ni bora.

mpenzi_wa_dansi

Voliumu ni B50K. Nitaiacha kwanza. Kesho naenda Kariakoo, nitaleta majibu.

mpenzi_wa_dansi

Wakuu nimerudi, zimepita siku nne maana umeme nao ulikuwa na yake.

Nimeanza na kipimo cha Kaka Luthuli. TL072 nimepata kwa fundi wa jirani kwenye mikisa ya kanisa iliyokufa, hakutaka hata hela. Nikaichomeka bila kubadilisha kingine chochote: mguu wa 1 milivolti 9, wa 7 kutoa milivolti 4. Milivolti wakuu, sio zile 200! Nikachomeka iyafoni, graundi 4.7 upande mmoja na 3.9 mwingine, haikuzama. Sauti safi ila ukiongeza inachoka haraka, kweli haina misuli.

Ndio nikaingia kwenye kazi yenyewe. Kapasita za 1 za plastiki nimezunguka maduka sita, wa kwanza ananiletea za elektroliti, wa pili ananiambia “hii hii ndugu yangu inafanya kazi”, mwishowe nikapata za 0.47 tu. Nikanunua nne, nikaziunganisha mbili mbili sambamba, zimesimama juu ya bodi kama mapacha wamebebana lakini zimeingia. Kung'oa zile 100k ndio nimetoka jasho, kishimo kimoja nimekiunguza, kile kiduara cha shaba kimebanduka kabisa ikabidi nivushe waya chini ya bodi hadi mguu wa IC.

NE5532 ndani, bila hedifoni: kutoa milivolti 4 na kutoa milivolti 5. Nimekaa nikaitazama ile mita kama dakika nzima. Iyafoni za buku tano zimepiga safi. Nikavuta pumzi nikachomeka za binamu: graundi 4.17 na 4.33, haijatikisika.

Sijui niseme nini kuhusu sauti maana lugha za watu wa sauti sina. Nitasema hivi, kuna wimbo mmoja wa mzee wangu nimeusikia maisha yangu yote kwenye redio kaseti ya jikoni, leo ndio nimesikia kuna mtu anapiga kayamba. Yupo kushoto, nyuma kidogo, mwanzo mpaka mwisho. Nimemwita mama watoto asikilize, akavaa, akanyamaza, hajarudisha mpaka wimbo ulipoisha. Meza nimeruhusiwa mpaka Jumapili.

Maswali mawili yamebaki. Betri itakaa muda gani? Na naweza kutumia chaja badala ya betri?

Kaka_Luthuli

Hongera boss! Kwa betri anza na hiyo taa. IC yenyewe inakula kama miliampea 8, na taa yako na resista ya 1k inakula karibu 7, yaani nusu ya betri inaenda kuwasha kitaa chekundu. Weka 10k hapo, bado itaonekana usiku. Betri ya alkalini ni kama miliampea-saa 500, utatoka masaa thelathini hivi ufike hamsini. Zile za kuchaji zina kama 200 tu, lakini ukiwa nazo mbili unabadilishana.

FundiRedio_Mbagala

Kwa chaja nikuambie yaliyonikuta. Nilikuwa na kama hiyo, nikaipa umeme wa adapta ya volti 9, ilikuwa poa, inavuma kidogo tu. Nikapata tamaa, nikaweka kibodi cha bluetooth, nacho nikakipa umeme kutoka adapta ile ile. Kumbe graundi ya kile kibodi ni hasi ya adapta, na graundi ya amplifaya ni katikati ya adapta, waya wa sauti ulipogusa tu nimeziunganisha hizo mbili pamoja. Nusu ya chini ikawa sifuri, nusu ya juu ikabeba volti 9 zote, na kapasita zangu zilikuwa za volti 6.3. Ile ya juu ilivimba kama chapati. Zako za 16 zingevumilia ila muziki usingepata. Kwa hiyo chaja sawa, mradi kinacholeta sauti hakishiriki umeme na amplifaya. Simu yenye betri yake mwenyewe haina shida, ila usiichaji kwenye adapta hiyo hiyo wakati unasikiliza.

Na kasha je? Usiige kopo la peremende bila kufikiri, jeki ikigusa chuma na hasi ya betri ikagusa chuma ni yale yale.

Bibi_Saketi

Kibweta cha sabuni cha plastiki, kile chenye mfuniko. Betri na bodi vinakaa ubavu kwa ubavu, na matundu ya jeki unatoboa kwa msumari wa moto.

mpenzi_wa_dansi

Dada umenimaliza, kipo bafuni cha bluu, nakiona kutoka hapa nilipo. Taa nabadilisha usiku huu. Binamu amepiga simu anataka hedifoni zake kesho, nimemwambia bado sijamaliza kuzipima.